Hezekiah Shanu: mpiga picha wa Boma aliyewaonyesha wakubwa wa Leopold, kisha akatoa siri zao

Mwezi wa 7 mwaka 1905, huko Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, mfanyabiashara mmoja mwenye jina kubwa alijiua. Alikuwa na duka, chumba cha ushonaji, mahali pa kufulia nguo na nyumba za wageni. Kwa miaka mingi wakubwa wa serikali ya Mfalme Leopold wa Pili walikuwa wakinunua kwake. Lakini mwishoni watumishi wa serikali walikatazwa kukanyaga mlangoni pake, na biashara yote ikaanguka.

Jina lake lilikuwa Hezekiah Andrew Shanu. Hakuwa Mkongomani, wala hakuwa Mzungu. Alizaliwa mwaka 1858 Otta, karibu na Lagos, katika eneo ambalo leo ni Nigeria. Kabla ya kuwa adui wa serikali ya Boma, alikuwa karani wake, mtafsiri wake, msaidizi wa komisari wa wilaya, na mmoja wa watu waliouonyesha mji huo kwa ulimwengu kupitia picha. Jina lake ni kati ya majina ya kwanza ya wapiga picha Waafrika waliofanya kazi katika nchi yetu.

Leo, picha za Boma za wakati ule zinapozunguka kwenye simu na katika vitabu, wengi wanatazama nyumba za mabati, Wazungu wenye kofia nyeupe na askari waliopangwa mstari. Wachache wanajiuliza nani alikuwa amesimama upande wa pili wa kamera. Kwa baadhi ya picha hizo, jibu ni huyu mtu wa Otta. Maisha yake yanasaidia kuelewa picha hizo zilikuwa zinaonyesha nini, na zilikuwa zinaficha nini.

Kutoka Lagos hadi Boma

Shanu alikulia katika ulimwengu ambao ulikuwa unabadilika haraka. Waingereza walikuwa wamechukua Lagos tangu mwaka 1861. Misheni zilikuwa zimefungua mashule, na kijana aliyejua kusoma na kuandika Kiingereza aliweza kuwa mwalimu, karani wa kampuni au mtumishi wa serikali. Shanu alisoma katika mashule ya misheni, kisha akafundisha watoto wa shule ya msingi.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 26 hivi, aliacha ualimu akapanda meli kwenda Kongo. Wakati huo watu wa Leopold walikuwa bado wanatafuta namna ya kutambuliwa na mataifa makubwa. Mkutano wa Berlin ulianza mwezi wa 11 mwaka huo na kumalizika mwezi wa 2 mwaka 1885. Mwaka huohuo wa 1885 ikatangazwa nchi iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, mali ya mfalme mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga udongo wake.

Dola hilo jipya halikuwa na watu wa kutosha wa kulifanyia kazi. Wabelgiji walikuwa wachache, na wengi wao waliugua malaria wakafa mapema. Kwa hiyo lilitafuta wafanyakazi na askari mbali: Lagos, Accra, Sierra Leone, na pia Zanzibar. Wazanzibari walikuwa kati ya askari wa kwanza wa jeshi la Force publique, na ni moja ya njia ambazo Kiswahili kilipita kuingia katika kambi za jeshi hilo. Watu wa Afrika ya Magharibi walikuwa waashi, maseremala, makarani, askari na wapagazi.

Shanu aliingia hapo katikati. Alijua Kiingereza, akajifunza Kifaransa mpaka Wabelgiji wenyewe wakashangaa ufasaha wake. Serikali ilimtumia kama karani na mtafsiri, na pia ilimhitaji katika mambo ya wafanyakazi waliotoka pande za kwao. Alipanda ngazi hadi akawa msaidizi wa komisari wa wilaya ya Boma. Boma haikuwa na meya kama tunavyomjua leo. Mkubwa wa kila siku wa mji na wilaya alikuwa huyo komisari. Kwa Mwafrika kukaa karibu na kiti hicho, wakati ule, lilikuwa jambo la nadra sana.

Mji mdogo uliokuwa makao makuu

Ili kuelewa kazi ya Shanu na kamera yake, inafaa kuuona Boma wa wakati ule. Mwaka 1886 serikali ilihamisha makao yake makuu kutoka Vivi, ng'ambo ya Matadi, ikayaleta Boma. Mji huo ulibaki makao makuu hadi miaka ya 1920, heshima hiyo ilipopelekwa Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Boma ulikuwa mji mdogo. Chini, kando ya mto, kulikuwa na gati, madepo ya kampuni na maduka. Juu kwenye kilima kulikuwa na nyumba ya gavana mkuu, ofisi na makao ya maofisa. Kwa sababu ya joto na unyevu, majengo mengi yaliletwa yamekatwa tayari kutoka Ulaya, vyuma na mbao, yakaungwa hapo. Kanisa katoliki la chuma lililojengwa wakati huo bado limesimama hadi leo. Kulikuwa pia na reli ndogo ya mvuke iliyounganisha bandari na mtaa wa juu.

Meli kubwa za baharini zilifika hadi Boma. Zilishusha pombe, vitambaa, bunduki, vyakula vya makopo na maofisa wapya. Ziliporudi Ulaya zilibeba pembe za ndovu, na baadaye mpira kwa wingi. Mali hiyo ilitoka mbali sana: Équateur, Mongala, Uele, Kasai, na hata upande wa mashariki, ambako Leopold alimtaja Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887 kabla ya kugeuka na kupigana na Waarabu na Waswahili wa Maniema. Watu wa Nyangwe na Kasongo waliona majeshi. Watu wa Boma waliona karatasi, mihuri na meli.

Ndiyo kusema, mtu angeweza kuishi Boma miaka kadhaa akaona serikali yenye utaratibu mzuri tu: bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu, ofisi zinazofunguliwa kwa saa, askari wanaopiga saluti. Yaliyokuwa yanafanyika mtoni juu, maelfu ya kilometa mbali, yalifika mjini kama uvumi, au kama makovu kwenye miili ya watu waliorudi.

Kamera, vioo na dawa

Shanu hakuwa Mwafrika wa kwanza kushika kamera. Katika pwani ya Afrika ya Magharibi kulikuwa tayari na mafundi wa picha weusi waliosafiri kutoka bandari moja hadi nyingine. Francis Joaque, mtu wa Sierra Leone, alipiga picha Gabon tangu miaka ya 1870. Familia ya Lutterodt ya Accra ilitoa wapiga picha kadhaa. Jonathan Adagogo Green alifungua kazi yake Bonny katika miaka ya 1890. Shanu alitoka katika ulimwengu huo wa watu waliosoma, waliovaa suti, na ambao walijua kwamba picha ni kazi na pia ni heshima.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kamera ilikuwa sanduku kubwa la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu. Badala ya filamu, wapiga picha wengi walitumia vioo vilivyopakwa dawa. Kioo kikivunjika, picha imepotea. Katika joto la Boma dawa ililainika na kuyeyuka, na unyevu ulileta ukungu. Ilihitajika chumba chenye giza kabisa, maji safi, na uvumilivu. Dawa na vioo viliagizwa Ulaya, na vilichukua wiki nyingi kufika.

Mtu aliyepigwa picha naye alikuwa na kazi yake: kutulia. Ndiyo sababu katika picha nyingi za zamani watu wanaonekana wakavu, bila tabasamu, mikono imewekwa mahali. Ofisa aliweka mkono kwenye upanga au kiunoni. Karani alishika kitabu. Mke wa askari alifunga kitambaa chake vizuri. Hakuna aliyepigwa kwa bahati. Kila mmoja alikuwa amechagua, au amechaguliwa, namna ya kuonekana.

Kati ya mwaka 1892 na 1895, mjini Brussels kulitoka jarida lenye picha nyingi liitwalo Le Congo illustré, likiongozwa na Alphonse-Jules Wauters. Lengo lake halikufichwa: kuwaonyesha Wabelgiji nchi ya mfalme wao, ili waipende, waje kuitumikia na waweke pesa zao katika makampuni yake. Picha za Shanu zilichapishwa humo. Zilionyesha mji na watu wake jinsi walivyokuwa wamesimama mbele ya kamera yake.

Kwa wasomaji wa Ubelgiji, picha hizo zilikuwa ushahidi kwamba mambo yanaendelea vizuri. Kuna mji, kuna nyumba, kuna utaratibu. Na kwamba mpiga picha mwenyewe alikuwa Mwafrika aliyesoma, hilo pia liliwafurahisha. Walimtaja kama mfano wa maendeleo ambayo mfalme alidai kuyaleta.

Kwa wasomaji wa Kikongomani wa leo, picha kama hizo zina maana nyingine. Kwa familia nyingi za Mto Kongo wa Chini, sura za wazee wa kipindi kile hazipo mahali pengine popote. Karatasi za utawala ziliandika majina ya Wazungu na idadi ya Waafrika. Picha ndiyo iliyobakiza sura, hata pale ambapo jina halikuandikwa chini yake.

Mfanyabiashara anayeheshimiwa

Mwaka 1893 Shanu aliacha kazi ya serikali akaanza kujitegemea. Alifungua duka lililouza vyakula vya makopo na bidhaa nyingine za Ulaya. Akaongeza ushonaji na ufuaji wa nguo, huduma zilizohitajika sana katika mji wa maofisa wanaovaa nguo nyeupe. Kisha akafungua nyumba za wageni, Boma na pia Matadi, ambako reli ya kwenda Léopoldville ilikuwa inajengwa. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1890 na kumalizika mwaka 1898, na uliwamaliza wafanyakazi wengi, wakiwemo watu wa Afrika ya Magharibi.

Mwaka 1894 Shanu alisafiri Ulaya, akafika Ubelgiji, ambako alipokelewa vizuri na kusifiwa. Alimpeleka mwanawe kusoma Ubelgiji. Kwa macho ya wengi, alikuwa mtu aliyefaulu: pesa, elimu, safari, marafiki katika ofisi kubwa.

Mwezi wa 4 mwaka 1900, askari wa Force publique waliokuwa katika ngome ya Shinkakasa, karibu na Boma, waliasi. Wengi wao walikuwa Batetela, ndugu za wale walioasi Luluabourg mwaka 1895 na wale wa msafara wa Dhanis mwaka 1897 huko kaskazini-mashariki. Mji mkuu ulitetemeka. Katika siku hizo Shanu alisimama upande wa serikali, akasaidia ili wafanyakazi wa Afrika ya Magharibi wasijiunge na waasi. Serikali ilimshukuru.

Jambo hilo halipaswi kufichwa. Shanu hakuanza kama mpinzani. Kwa karibu miaka 20 alikuwa mtu wa utawala ule, aliishi kwa pesa zake, aliutetea ulipokuwa hatarini. Kile alichofanya baadaye kinapata uzito wake hapo: alikuwa na mengi ya kupoteza, naye alilijua hilo.

Mambo yanageuka

Wakati Boma inaendelea kupiga saluti, mtoni juu mpira ulikuwa umegeuza maisha ya watu kuwa jehanamu. Tangu miaka ya 1890, kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Wanaume waliposhindwa au walipokimbia, wanawake na watoto walichukuliwa mateka mpaka kiasi kitimie. Wengine walipigwa fimbo, ile ya ngozi ya kiboko ambayo jina lake bado linatajwa na wazee. Vijiji vilichomwa. Askari walitakiwa kueleza kila risasi waliyotumia, na mikono iliyokatwa ikawa ndiyo hesabu.

Mwaka 1903, konsuli wa Uingereza Roger Casement, aliyekuwa na makao yake Boma, alipanda mto akachunguza kwa macho yake. Ripoti yake ilitangazwa London mwanzoni mwa mwaka 1904. Huko Liverpool, Edmund Dene Morel, aliyekuwa karani wa kampuni ya meli, alikuwa ametambua kutoka kwenye hesabu za mizigo kwamba Kongo ilitoa mpira na pembe za thamani kubwa, lakini meli zilirudi zikiwa na bunduki na risasi zaidi kuliko bidhaa za kulipia. Mwezi wa 3 mwaka 1904 akaanzisha shirika la kupigania mabadiliko Kongo.

Casement ndiye aliyemwunganisha Morel na Shanu. Morel alihitaji mtu aliye ndani, anayejua Kifaransa na Kiingereza, anayejua ofisi za Boma na watu wake. Shanu alikuwa mtu huyo. Alianza kwa kumpelekea habari za mateso waliyoyapata wafanyakazi wa Afrika ya Magharibi nchini Kongo, watu ambao miaka ya nyuma serikali ilikuwa imemtumia yeye katika mambo yao. Morel alizichapisha.

Kesi ya Caudron

Kisha ikaja kesi ambayo ilimgusa zaidi. Charles Caudron alikuwa wakala wa kampuni ya mpira katika eneo la Mongala, kaskazini. Alishitakiwa kwa mauaji ya Waafrika wasiopungua 122. Serikali ya Leopold, ambayo ilikuwa inashambuliwa kila upande, ilitaka kesi hiyo ionyeshe kwamba mahakama zake zinafanya kazi na kwamba makosa ni ya mtu mmoja mbaya.

Lakini ndani ya kesi yakatokea mambo ambayo serikali haikuyapenda. Ushahidi ulionyesha kwamba kuchukua mateka lilikuwa jambo linalojulikana na kukubaliwa na wakubwa, na kwamba askari wa serikali walishiriki. Mwaka 1904 mahakama ya rufaa ya Boma ilimpunguzia Caudron adhabu, ikizingatia kwamba viongozi wa juu walikuwa na sehemu yao katika yaliyotokea. Kwa maneno mengine, mahakama ya serikali yenyewe ilikuwa imeitaja serikali.

Hukumu kama hiyo haikuwa ya kutangazwa. Shanu alisaidia ili maandishi ya kesi yamfikie Morel, na Morel akayachapisha. Kwa wapinzani wa Leopold ilikuwa silaha kubwa. Hawakuwa tena wanategemea maneno ya wamisionari peke yao, ambayo mfalme aliyaita uongo wa Waprotestanti wa Kiingereza. Sasa walikuwa na karatasi zenye muhuri wa Boma.

Katika mwaka huohuo wa 1904, huko Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja aitwaye Nsala, amekaa barazani anatazama mkono mdogo na mguu mdogo wa binti yake. Picha hiyo na nyingine ziliuzunguka ulimwengu, zikaonyeshwa makanisani na katika kumbi za Uingereza na Marekani. Mwaka mmoja ukaweka pamoja aina mbili za ushahidi: picha ya Baringa, ambayo haikumpamba mtu yeyote, na karatasi za Boma, ambazo zilitoka kwa mtu aliyewahi kuupiga picha mji wa wakubwa ukiwa umevaa vizuri.

Kufichuliwa

Siri haikudumu. Shanu alipotafuta habari zaidi kuhusu kesi, mkuu wa polisi wa Boma akaja kujua kwamba yeye ndiye anayefanya kazi na Waingereza. Katika mji mdogo kama ule, habari haikuhitaji gazeti.

Serikali haikumfikisha mahakamani. Kesi ya wazi dhidi ya mtu wa Lagos, chini ya macho ya konsuli wa Uingereza, ingeleta kelele nyingine. Ilichagua njia ya kimya zaidi. Watumishi wa serikali walikatazwa kununua dukani kwake, kushona kwake, kulala kwake. Katika mji ambao karibu kila mwenye pesa alikuwa mtumishi wa serikali au aliitegemea, amri hiyo ilikuwa sawa na kufunga mlango wake kwa msumari.

Bidhaa zilibaki kwenye rafu. Madeni yakaongezeka. Watu waliomsalimia wakageuza uso. Alifuatiliwa na kusumbuliwa. Yule ambaye kwa miaka 20 alikuwa kiungo kati ya Wazungu na Waafrika wa mji akajikuta peke yake, bila upande wowote. Mwezi wa 7 mwaka 1905, akiwa na miaka 47 hivi, alijitoa uhai.

Baada yake

Shanu alikufa miezi michache tu kabla ya mambo kuanza kumpa haki. Tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuiunda mwaka 1904, na ambayo alitumaini ingemsafisha, ilitoa ripoti yake mwezi wa 11 mwaka 1905. Ilikubali sehemu kubwa ya yale ambayo Casement, wamisionari na watu kama Shanu walikuwa wameyasema. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Kazi za kulazimishwa na fimbo hazikuisha siku hiyo, wazee wetu wanalijua hilo. Lakini utawala wa mtu mmoja asiyeulizwa na yeyote ulikuwa umefikia mwisho.

Majina ya Casement na Morel yaliingia katika vitabu. Jina la Shanu lilikaa gizani kwa miaka mingi. Lilirudi pole pole kupitia njia mbili. Wanahistoria wa mapambano dhidi ya Leopold walilikuta katika barua za Morel. Wanahistoria wa picha walilikuta katika kurasa za Le Congo illustré. Ikachukua muda kuunganisha wawili hao na kuona kwamba ni mtu mmoja.

Katika miaka ya karibuni, wasanii wa Kongo nao wameanza kuzitazama upya picha za wakati wa ukoloni. Sammy Baloji wa Lubumbashi, kwa mfano, katika kazi yake iitwayo Mémoire, alichukua sura za wafanyakazi na wakubwa wa zamani wa Katanga akaziweka mbele ya viwanda vilivyochakaa vya leo. Swali lake linafanana na lile linaloachwa na Shanu: aliyesimama kwenye picha alikuwa nani, na kwa nini alisimamishwa hapo?

Katika miji yetu, toka Boma hadi Bukavu, desturi ya kutundika picha za wakubwa ukutani ingali hai. Meya mpya anaingia, picha mpya inapanda. Majumbani, familia zinaweka picha za babu na bibi waliopigwa wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Picha hizo zinahifadhi heshima ya watu, na ni vema zitunzwe zisiliwe na maji na mchwa, majina yaandikwe nyuma kabla wanaoyajua hawajaondoka.

Maisha ya Shanu yanaongeza jambo moja juu ya hilo. Alijua kuliko wengi jinsi serikali inavyopenda kuonekana, kwa sababu ni yeye aliyeweka kamera mbele yake. Alipoona kwamba sura ile na matendo havilingani, hakubaki na vioo vyake kimya. Alitafuta maandishi, akayatoa, na akalipa kwa duka lake, jina lake na maisha yake. Wakongomani waliopona kwa sababu utawala ule ulivunjwa wana deni kwake, ingawa hakuzaliwa kati yao.